Vidonge vya Mtu Mmoja

Kijiji Kipya, njia ya Rutamba
9 Februari 1975

Wifi yangu Natalia,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukiuliza habari zetu, tunapumua. Kaka yako Laurenti anakusalimu. Bado anapaua madarasa mapya ya shule, na kila jioni anarudi na vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Watoto wote sita wapo. Valentini ameachishwa ziwa kwa nguvu, wala si kwa hiari yake, nami sijalala vizuri tangu Noeli. Unga tunaokula ni ule wa njano wa msaada, watu wanauita yanga. Ugali wake unanuka gunia, lakini tusimkufuru Mungu, mwaka jana wakati kama huu tulikuwa porini tunachimba ming'oko. Nyumba yetu hapa ina kuta, paa ni la nusu. Tulihamishwa tukiambiwa kwamba maji, zahanati na shule vimetutangulia. Tumeikuta shule.

Na wewe huko, zahanati yako inakupa nafasi ya kula? Mara ya mwisho ulikonda.

Sasa niseme lililonikalisha. Lusia yuko darasa la saba, na mwaka huu ndio mtihani wake. Mwaka jana darasa hilo lilipoteza wasichana wawili kwa mimba, na utaratibu unaujua: msichana anafutwa siku hiyohiyo, mwenziwe wa kiume hata jina lake halitafutwi. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Eusebio, akaniita ofisini. Akasema, "Mwalimu Valeria, wewe ni mwanamke mwenzao. Waeleze." Nikamwuliza niwaeleze nini. Akageukia dirishani akasema, "Hayo ya kwenu."

Basi nikawaeleza. Nilichora ua ubaoni, nikasema habari za chavua na mbegu, nikafika kwenye "kwa hiyo jitunzeni," na hapo chaki ikaniishia mkononi. Lakini sikuandikii kwa sababu ya ua. Kabla sijaanza nilimwona Lusia dawati la pili amenikazia macho. Wewe ni mtu wa kwetu, huhitaji kuelezwa. Mama hayasemi mambo hayo mbele ya bintiye, na akiwa kifungua mimba ndiyo kabisa, ni sawa na kumvulia nguo. Nikamtuma maji. Nilimpa ndoo nikamwambia ajaze mtungi wa walimu mpaka pomoni, na kisima chenyewe kiko bondeni huko. Aliporudi nilikuwa nimekwisha futa ubao.

Kijiji cha zamani isingekuwa neno. Angeingia unyagoni na wenziwe, na wewe shangazi yake, uliyetajwa kuwa somo wake siku ile alipovunja ungo, ungemwambia yote. Lakini serikali ya kijiji imesimamisha unyago mpaka chakula kitoshe, huu mwaka wa pili. Bi Mastura, kungwi wetu, amekaa ndani na ngoma zake kama aliyefiwa. Kwa hiyo mtoto huyu unyagoni hakuambiwa, na shuleni pia hakuambiwa. Wa kumwambia umebaki wewe. Njoo Pasaka, nakuomba.

Wifi yako niliyechoka,
Valeria


Kiranjeranje
3 Machi 1975

Wifi,

Milele na milele, amina. Barua yako imefika imelowa, nimeianika juu ya chungu kama dagaa ndipo nikaisoma. Mimi ni mzima. Kukonda ni kwangu kwa asili, muulize kaka yangu. Muuguzi mwenzangu amekwenda kwao kujifungua, nimebaki peke yangu na tarafa nzima. Wanawake wananiambia mikono yangu ni myepesi kwa sababu haijabeba mtoto wa kwangu. Nacheka nao. Wakishaondoka sicheki.

Ati ulimtuma maji! Mwalimu mzima, watoto wa watu wote umewafundisha, wa kwako ukamkabidhi ndoo. Ningekuwa karibu ningekuchapa kwa fimbo yako mwenyewe.

Lakini Pasaka siji. Mto Mbwemkuru umejaa, malori yanafika ukingoni yanageuza. Wala usiniambie niandike. Maneno ya somo hayaandikwi, yanasemwa mkono ukiwa begani kwa mtoto, na yako ya kusema na yako ya kuimba. Nikiyaandika yatasomwa na kaka yangu, namjua anavyofungua barua ya kila mtu kutafuta salamu zake. Nitakuja likizo ya mwezi wa sita. Mtoto gani anaharibika kwa miezi mitatu?

Msalimie Lusia. Mwambie shangazi yake anamtaka kidato cha kwanza.

Natalia


Kijiji Kipya
27 Aprili 1975

Wifi yangu,

Amani iwe kwako. Barua yako ya mwezi wa tatu nimeipata juzi. Mvua huku imeharibu paa la nusu tulilokuwa nalo, kaka yako anapaua ya shule na ya kwake inavuja, ndivyo mafundi walivyo. Watoto wawili walikuwa na homa, sasa wanakula. Muhogo umeanza kutia matumaini.

Uliniuliza ni mtoto gani anaharibika kwa miezi mitatu. Ni Agnes, binti wa jirani yetu Klementi. Ni rafiki wa Lusia, wanachota maji pamoja, wanasoma pamoja, wanasukana. Siku ile ya ua na mbegu alikaa dawati la mbele kabisa. Alinisikiliza kwa adabu na akaandika kila kitu. Wiki iliyopita nilipewa kazi ya kumtoa darasani, maana mimi ni mwanamke mwenzao. Alinirudishia vitabu vyote vya shule, kavifuta vumbi kwanza. Nilitaka kusema neno la mama, nikasema la mwalimu.

Lusia hajalia. Anachota maji peke yake, na haniambii kitu, wala mimi simwambii. Tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Kuna mtu mmoja huku anahitaji vile vidonge vya uzazi wa majira. Usiniulize ni nani. Nakuomba kama dada, si kama muuguzi.

Valeria


Kiranjeranje
18 Mei 1975

Wifi,

Nimesali kwa ajili ya Agnes. Sina zaidi ya hilo, na najua halitoshi. Huku tumezima uvumi wa kipindupindu, kumbe ilikuwa kuhara tu. Mungu ni mwema. Mwenzangu amejifungua mvulana na hatarudi kazini mpaka mwezi wa nane, kwa hiyo likizo yangu imekwenda na maji.

Mtu mmoja. Haya, tumwite hivyo. Noeli nilipokuja kwenu nilimwona mtu mmoja amesinzia amesimama, mwiko mkononi, mboga inaungua, mtoto mgongoni na mwingine kashika gauni. Nilimtoa mwiko mkononi wala hakuamka. Sihitaji kuambiwa jina lake.

Ila ujue unaniomba nini. Utaratibu wa kazi yetu ni kwamba mke haji peke yake, huja na mumewe, naye akubali kwa kinywa chake. Na mume wa mtu mmoja ni ndugu yangu wa tumbo moja. Akijua, atasema dada yake amekwenda kumfungia mlango wa nyumba yake. Watu watamsaidia kusema kwamba asiyezaa kaona wivu. Nimelifikiria hilo siku nyingi. Kisha namkumbuka mtu aliyelala amesimama.

Nimevipata kwa mwenzangu wa mjini, jina lake siliandiki. Atakuletea Hasani, dereva wa lori la korosho, vimo ndani ya pakiti ya majani ya chai. Kidonge kimoja kila jioni, asiruke hata siku moja. Viwekwe mbali na watoto. Na huyo mtu mmoja asimgawie mwingine hata kwa huruma, maana nimepima kwa mwili ninaoujua.

Usiniandikie asante.

Natalia


Kijiji Kipya
15 Juni 1975

Wifi yangu,

Salamu nyingi za baridi. Hasani alipita salama na chai imefika. Mtu mmoja ameridhika.

Tumevuna mtama kidogo na kunde. Laurenti amemaliza darasa moja, limebaki moja, na wamemwingiza kwenye kamati ya shule kwa sababu ya hayo mapaa. Agnes anatembea na khanga mbili sasa, kijana mwenyewe kakimbilia Nachingwea. Kamati imeamua wasichana wa madarasa ya juu wakaguliwe matumbo kila mwezi ili anayebeba ajulikane mapema. Mkaguzi ni mimi, pamoja na Mama Magdalena, mke wa mwenyekiti wa kijiji. Kuwaeleza wameshindwa, kuwapapasa wameweza.

Lile la Lusia usijisumbue nalo tena. Limepata njia.

Valeria


Kiranjeranje
13 Julai 1975

Wifi,

Hujambo na wanao? Mimi nina kikohozi cha vumbi, kitaisha.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Limepata njia ipi? Nani kamwambia, na kamwambia nini? Mimi ndiye somo wake, nina haki ya kujua.

Na yule mtu mmoja anasikia kichefuchefu? Mwanzoni ni kawaida, kitapita. Anakumbuka kumeza? Analala angalau? Niandikie hata mstari mmoja. Wewe ukiandika kwa ufupi najua unaficha, maana kwa kawaida barua zako ni ndefu kama ibada ya Ijumaa Kuu.

Natalia


Kijiji Kipya
7 Septemba 1975

Natalia,

Sote wazima. Naanza na hilo ili usome mengine umekaa.

Vidonge havikuwa vya kwangu. Nilikuacha udhani hivyo. Nilivitaka kwa ajili ya Lusia. Si kwamba nilimwona na mtu, hana mtu. Nilikuwa nimemtoa Agnes darasani kwa mkono wangu, na kila nikifumba macho namwona anayerudisha vitabu ana uso wa mwanangu. Nikajiambia, nisiloweza kulisema nitalinunulia dawa.

Vilipofika nikagundua jambo ambalo mtoto mdogo angeligundua: kumpa kidonge ni kumwambia. Nilikaa na ile pakiti ya chai chini ya mtama nikiwa sina mdomo. Mwisho nikampelekea Bi Mastura. Nikamwambia ni dawa ya hospitali, inazuia mimba, ampe msichana kimoja kila jioni mpaka mtihani upite. Alivigeuza geuza mkononi akasema amesikia. Sikumwuliza amesikia nini.

Bi Mastura ametunza wasichana tangu mimi sijazaliwa. Kwake dawa ya namna hiyo ni pigi, inavaliwa kiunoni, kwa uzi na kwa fundo. Akavishona kwenye kitambaa cha kaniki, vyote pamoja na karatasi yake ya kung'aa, akamfungia Lusia chini ya shanga. Baadaye nilipomwuliza kwa nini hakumpa ameze, alinishangaa. Alisema, "Mwalimu, kinachofungwa hufunguliwa siku ya arusi yake. Kinachomezwa utakifungulia wapi?" Lusia naye hakuambiwa ni cha nini. Alidhani ni dawa ya kufaulu mtihani. Amekitunza miezi miwili, akioga anakishika juu kisilowe.

Mwezi wa nane, siku ya ukaguzi, mimi sikuweza kumkagua wa kwangu, unajua. Nikamwachia Mama Magdalena. Akaukuta uzi, akaukata kwa kisu cha kuchambulia mboga, karatasi ikang'aa. Hata kabla kengele haijagongwa kitambaa kilikuwa mezani kwa Mwalimu Mkuu.

Wakaita kamati. Kaka yako alikuwa mjumbe, amekaa benchi alilolichonga mwenyewe. Bwana Eusebio akasema msichana mwenye vitu hivi ni sawa na mwenye mimba. "Anayetembea na mwavuli," alisema, "keshanyeshewa." Wakataka afutwe kabla ya mtihani. Wakamwuliza Lusia amevipata wapi, akasema kwa Bi Mastura. Wakamwita Bi Mastura. Alijifunga khanga vizuri akasema, "Mambo ya wanawake hayajibiwi mbele ya wanaume," akakaa chini, na hapakuwa na mtu wa kumwinua. Ndipo mwenyekiti akasema basi mtoto aondoke na polisi wa Lindi waletwe waulize ni muuguzi gani anayetoa dawa hizi kwa watoto wa shule.

Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na mlango. Nilikuona wewe na kikohozi chako na watu wako wa tarafa nzima. Nilimwona Lusia ameshika sketi yake kwa mikono miwili kana kwamba bado kuna mtu anataka kumpapasa. Nikasema, "Vidonge ni vyangu."

Nikasema nimezaa sita na nimechoka, kwamba mume wangu sikumwambia, na kwamba nilimpa Bi Mastura amfungie binti yangu kiunoni kwa sababu ndipo mahali pekee katika nyumba yangu ambapo mume wangu hawezi kupekua. Wakaniuliza nilivipata wapi. Nikasema kwa mchuuzi aliyekuwa anapita kwenda Nyangamara, jina lake silijui. Uongo wote huo nilisema pasipo kukwama, mimi niliyekwama kwenye ua.

Lusia wamemwacha, atafanya mtihani. Mimi wameniondoa darasa la saba, nafundisha darasa la kwanza. Wamesema siwafai wasichana wakubwa. Laurenti alitoka kwenye kikao pasipo kunitazama. Analala karakanani, juu ya mbao. Chakula anakula, salamu anaitikia, zaidi ya hapo hakuna.

Nimekukosea, na nimekuficha. Nikaripie, lakini usininyamazie na wewe.

Valeria


Kiranjeranje
28 Septemba 1975

Valeria,

Leo sikuiti wifi. Barua hii ni ya tatu, mbili nimezichana.

Nilikuandikia asimgawie mwingine. Nilikuandikia nimepima kwa mwili ninaoujua. Wewe ukachukua dawa ya mke wa mtu, mzazi wa sita, ukaipeleka kwa mtoto asiye na mume wala mchumba. Angalikuja mzazi wa mtu baki na habari hiyo hapa zahanati ningemfukuza. Ningepoteza kazi, hilo nalimeza. Lakini ulinifanya nimhurumie mtu ambaye hakuwa anameza kitu, nikawa nasali jioni kila nikikumbuka saa ya kidonge, nikisema leo walau mmoja wetu atapumzika. Hilo limeniuma kuliko polisi wa Lindi.

Nimekwenda kuzalisha, nimerudi. Mama mwenye umri wako, wa tisa huyu. Alipomaliza aliniambia, "Nesi, usiniamshe." Nikamwacha alale, nikakaa naye.

Kosa si lako peke yako. Mimi nilikuwa na kalamu mwezi wa tatu. Ningeandika kurasa mbili, nikaona aibu nikaita heshima. Nilisema yanasemwa mkono ukiwa begani, na mkono wenyewe sikuuleta. Wewe ulimpa ndoo, mimi nikampa mto uliofurika. Tumekuwa tunasukumiana mtoto kama sahani ya makombo, kila mtu anasema si zamu yangu.

Kaka yangu ameniandikia. Mstari mmoja tu: "Dada, siku hizi lori la Hasani linapita wapi?" Sijamjibu, kwa sababu hajauliza habari za lori.

Natuma tena chai. Safari hii mtu mmoja awe huyo ninayemjua. Kama hutaki, irudishe, lakini usimfungie mtu.

Nimekuita jina muda wa kutosha. Wifi, pole.

Natalia


Kijiji Kipya
16 Novemba 1975

Wifi yangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na nakushukuru kwa lile neno la mwisho. Nilisoma yaliyotangulia nikiwa nimesimama, hilo nikalisoma nimekaa.

Huku ni msimu wa korosho. Shule inafungwa mchana, wote tuko mashambani tunaokota. Lusia amefanya mtihani. Amesema hesabu zilikuwa ngumu na insha ilikuwa nyepesi; majibu yatakuja yakija. Agnes amejifungua msichana hapa hapa nyumbani kwao, Bi Mastura akampokea. Darasa la kwanza ni wema, wananiita mama na wananifutia kamasi kwenye sketi.

Chai uliyotuma ilifika wakati mimi sipo. Hasani aliikabidhi kwa kaka yako. Nilirudi nikamkuta ameketi mezani, pakiti iko mbele yake, na uso wake siuelewi. Akaisukuma upande wangu. Akasema, "Mzigo wako, kutoka kwa dada." Wifi, hakuufungua. Mtu anayefungua hata barua za Padre. Baadaye, anakunywa uji, akasema, "Ungeniambia." Nikamwambia ningemwambia ningepata jibu gani. Akasema hajui. Amerudi kulala ndani. Hatujalizungumza zaidi ya hapo, lakini jana jioni aliniuliza kama nimekunywa chai yangu, na hatuna majani ya chai nyumba hii tangu Agosti. Nimekunywa, nikamwambia. Ninaimeza kila jioni, na ndiyo, kichefuchefu kipo.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitazamia. Wanawake wanakuja. Mmoja ameazima chekeche, mwingine ananiletea muhogo nisiouomba, wanakaa, wanasifia watoto, halafu sauti inashuka: "Mwalimu, vile vyako." Tangu nilipojitia aibu mbele ya kamati wote wameamini kwamba ninavyo. Wiki iliyopita alikuja Mama Magdalena, yeye mwenyewe aliyekata uzi. Hakuniomba radhi. Alisema anazaa kila mwaka na mgongo wake umekwisha, akaniuliza yule mchuuzi wa Nyangamara atapita lini tena. Nilimwambia hakuna mchuuzi, kuna kliniki, na anatakiwa aende na mumewe. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwenyekiti?" akasema. Nimewarudisha wote mikono mitupu, na kila anayetoka namtazama kwa nyuma anavyotembea. Sina nguvu ya kuwa kitu ambacho kijiji kizima kinadhani nimekwisha kuwa.

Lakini niliyotaka kukuandikia ni haya.

Juzi tulikuwa tunaokota korosho, mimi na Lusia tu, wadogo zake wamekwenda kuchuma mabibo upande wa pili. Alikuwa anatenganisha bibo na korosho yake, hanitazami. Akasema, "Mama, vile vilivyokuwa kiunoni kwangu, vilikuwa vya nini hasa?"

Nilidhani ananicheza. Nikamtazama. Hakuwa ananicheza. Natalia, walimvua, wakamkata uzi, wakamweka mbele ya benchi la wazee, baba yake akahama chumba, kijiji kimesema miezi mitatu, na katika watu wote hao hakuna aliyemwambia vile vitu ni nini. Alijua ni vibaya. Alijua ni vyangu. Basi.

Nikageuka kutafuta mtu. Kweli nakwambia, niligeuza shingo, mazoea tu, nimtume kwa mtu mwingine. Palikuwa na mikorosho tu.

Nikakaa chini, nikamwambia akae. Nikamwambia yote, wifi, kwa mdomo wangu mimi mama yake, tangu mwanzo, mwanamke alivyo na mwanamume alivyo na siku za mwezi zinavyokwenda na mimba inavyoingia na inavyozuiliwa, na kwamba ana haki ya kukataa, na namna ya kukataa. Sikuchora ua. Mwanzoni nilikuwa natazama mikono yangu. Sikufa. Hata yeye hakufa. Aliuliza maswali, mengine sikuyajua nikamwambia sijui, shangazi yako anajua. Kivuli kilituhama tukahama nacho. Nilipomaliza nilikuwa nimechoka kama niliyelima ekari, nikajisikia pia nina furaha, nikaona haya kuwa nayo.

Akaendelea na korosho zake. Kisha akaniuliza, "Na Agnes naye aliambiwa haya?"

Nikasema, "Alikuwepo darasani siku ile. Niliwaambia mjitunze."

Akasema, "Mama, lakini hilo silo uliloniambia leo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayesahihisha hesabu, akatia korosho kwenye kikapu.

Jumapili baada ya misa nakwenda kwa Klementi kumwona Agnes na mtoto. Lusia anakuja nami. Sijui nitaanzaje, na mtu wa kumtuma sina, wala sitaki. Ukija Desemba, njoo na maneno yako yote, ya kusema na ya kuimba. Wako wanaongoja.

Wifi yako,
Valeria